Pwani Isiyo na Chombo

Mama ndiye aliyeanza. Nilimtumia picha tano kwa WhatsApp: mchanga wenye wekundu wa mbali, mawimbi meupe, vilima vya mchanga vilivyoota majani makali, na bahari inayokwenda mpaka macho yanachoka. Nilitegemea "Mashaallah." Alichonirudishia ni sauti ya sekunde tatu.

"Watu wa hapo wako wapi?"

Nilicheka, nikamwonyesha mwenzangu, naye akacheka. Lakini swali lenyewe halikutoka kichwani.

Kwetu, Tanga, upande wa Mwambani, pwani haikai bure. Alfajiri vyombo vinarudi na madalali wanavisubiri wakiwa wamesimama majini mpaka magotini. Maji yakipwa wanawake wanashuka na ndoo na vyuma vya kuchokolea pweza. Maji yakijaa, fundi yuko chini ya mkungu anakalafati mashua ya mtu ambaye hajamaliza kumlipa kazi ya mwaka jana. Zamani, kabla kila nyumba haijawa na choo, "kwenda pwani" kulikuwa pia na maana nyingine ambayo wageni hawakuelezwa, wakaja kuigundua wenyewe kwa nyayo zao. Neno "ufukwe" tulilisikia redioni. "Bichi" tulilijua ukubwani, na bichi ni kitu kingine kabisa: muziki, mishikaki, Jumapili, na mlinzi wa hoteli anayekutazama kama aliyepotea njia.

Sasa nilikuwa nimesimama mahali ambapo si pwani kwa maana ya mama, wala si bichi kwa maana ya mlinzi. Panaitwa Sandwood Bay. Pako kaskazini magharibi kabisa ya bara la Uskoti, karibu na pembe ya mwisho kabla ardhi haijakwisha. Hakuna barabara inayofika, hakuna nyumba yenye mtu, na simu haishiki. Picha zenyewe mama alizipata jioni, tuliporudi kwenye mtandao, na swali lake likanikuta nimekaa garini navua soksi zilizolowa.

Kilichonipeleka huko ni ubishi. Ninafanya kazi Glasgow, katika nyumba ya kutunzia wazee, na siku moja wakati wa chai nilisema, kwa majivuno ya mtu wa pwani, kwamba nchi hii ina bahari lakini haina pwani. Mfanyakazi mwenzetu mmoja, mtu wa huko juu, mpole wa kutosema sana, aliweka kikombe chini akasema: nenda Sandwood, halafu urudi uniambie tena. Nikamchukua shoga yangu wa Likoni, mwenye gari na mwenye kulalamika, tukaondoka mwisho wa Februari. Kila aliyesikia alituambia tungoje Juni. Juni jua huko halizami vya kutosha hata giza liingie sawasawa, na watu ni wengi. Lakini Juni kuna pia vijidudu vidogo kuliko mbu, vinavyouma kwa makundi kama vimetumwa, na likizo tuliyopewa ilikuwa ya Februari. Basi.

Ijumaa tulilala Inverness. Jumamosi asubuhi tukapanda kaskazini, na baada ya mji mdogo wa Lairg barabara ikawa ya gari moja tu. Kila baada ya mwendo kidogo kuna sehemu imepanuliwa, ina kibao. Mkikutana, aliye karibu anajibanza hapo, mwenzake anapita, na wote wawili wanapungiana mkono. Mkono huo ni faradhi. Shoga yangu, aliyelelewa na matatu za Mombasa, aliutazama ule utaratibu kwa dharau mpaka alipopungiwa na dereva wa lori la samaki linalotoka bandari ya Kinlochbervie. Kuanzia hapo akawa anapunga hata kwa kondoo.

Kondoo hao ni wengi, wanalala katikati ya njia kwa sababu lami ina joto kidogo kuliko nyasi. Wakumbuke, nitawarudia.

Jimbo lenyewe linaitwa Sutherland, na maana yake ni "nchi ya kusini". Niliposoma hivyo nilidhani ni kosa la chapa. Uko kaskazini ya kaskazini, mahali ambapo ukitoka hapo ni maji mpaka barafu, halafu panaitwa kusini? Ni kwamba waliopaita hivyo walikuwa mabaharia wa Norwe waliotawala visiwa vya Orkney, na kutoka walikosimama wao, hii ilikuwa kusini. Pembe inayofuata baada ya Sandwood inaitwa Cape Wrath, na Mwingereza akilisikia jina hilo anasikia "ghadhabu" katika lugha yake, kumbe asili yake ni neno la mabaharia haohao, "hvarf", yaani pa kugeuzia. Walifika hapo, wakageuza omo, wakashuka kuelekea visiwa vya magharibi. Ni jina la kinahodha, kama yale ambayo baba alikuwa nayo kwa kila kichwa cha ardhi kati ya Tanga na Pangani, ambayo huyaoni kwenye ramani yoyote. Mnara wa taa ulijengwa kwenye pembe hiyo mwaka 1828, kazi ya mhandisi Robert Stevenson. Kabla ya hapo vyombo vilikuwa vikivunjika pande hizi mno, na wanasema mchanga wa Sandwood umemeza mbao zisizo na hesabu.

Gari linaishia Blairmore. Kuna uwanja mdogo wa kuegesha, choo, na kisanduku cha kutumbukiza chochote ulichojaliwa. Kutoka hapo ni miguu: kilomita sita na nusu kwenda, na hizohizo kurudi. Tulianza saa nne na nusu asubuhi. Tulikuwa na chupa ya chai ya tangawizi, maandazi yangu (yeye anayaita mahamri, na tumeshagombana kuhusu iliki mara nyingi kiasi kwamba sasa tunagombana kwa kunyamaza), na nguo tulizovaa zote kwa pamoja. Tulitembea kama magunia mawili ya mwani.

Njia inapita katika nchi ambayo haina mti hata mmoja. Nilifikiri nimeona jangwa kwa sababu nimeona Dodoma wakati wa kiangazi, lakini hili ni jangwa la maji. Kila hatua ni ziwa dogo, au kinamasi, au udongo mweusi laini unaobonyea kama keki iliyotolewa kabla haijaiva. Udongo huo ni majani yaliyooza polepole kwa maelfu ya miaka bila kumalizika kuoza, kwa sababu ya maji na baridi. Watu wa huku waliuchimba kwa jembe maalumu, wakaukata kama matofali, wakaukausha, wakaupikia. Kuni zao zilikuwa chini ya miguu yao. Na chini ya udongo huo kuna mwamba wa kijivu wenye mistari, miongoni mwa miamba mikongwe kuliko yote Ulaya, wa miaka inayokaribia bilioni 3. Niligusa. Ulikuwa wa baridi, kama kila kitu.

Baridi nayo ina aina zake. Baridi ya Glasgow ni ya kusubiri basi, inakutafuna polepole. Hii ya huku ilikuja na upepo, ikaingia kwenye mkono wa koti, ikapita kwapani, ikatokea mgongoni, kama mgeni anayekagua nyumba yako vyumba vyote. Shoga yangu alisimama mara tatu kuniuliza kama nina uhakika kuna bahari mbele.

"Umenitoa Glasgow, mie, unilete nije kutazama matope?"

"Bado kidogo, shoga."

"Bado kidogo ulianza kuisema kwenye ziwa la kwanza."

Halafu ardhi ikainama, na bahari ikawa pale chini, yote kwa mara moja.

Sitajaribu kupamba. Ni mchanga wa kilomita mbili na kitu, umelala kati ya majabali, nyuma yake vilima vya mchanga, na nyuma ya vilima ziwa la maji baridi ya kunywa ambalo linapenya upande mmoja kuingia baharini kwa kijito. Jina la mahali linatokana na ziwa hilo: maji ya mchanga, kwa lugha ya mabaharia walewale. Wekundu wa mchanga unatokana na jiwe la mchanga lililo katika majabali ya jirani, lenye umri wa takriban miaka bilioni moja, ambalo bahari inalisaga tena kuwa kile lilichokuwa. Hapakuwa na nyayo, hata moja. Shoga yangu, ambaye hajawahi kunyamaza tangu nimjue, alinyamaza.

Mimi jicho langu lilifanya kile lilichozoea. Likatafuta chombo.

Sikukiona. Nikatafuta kigingi cha kufungia kamba, kibanda cha kuanikia, jivu la moto, gogo la kuburuzia mtumbwi, mbwa. Hakuna. Kulikuwa na maboya ya plastiki na vipande vya nyavu vilivyoletwa na maji kutoka kwenye meli kubwa za mbali, na kamba moja nzuri ya nailoni ambayo shoga yangu aliikunja akaitia begini, kwa sababu mtu wa pwani haachi kamba nzima mchangani. Alinieleza kwamba atafulia nguo. Anaishi ghorofa ya saba na ana mashine ya kukaushia.

Tulikuwa tumepangia maji. Jambo hilo linanipa raha ya kitoto: mwezi ni uleule. Ukipevuka Tanga umepevuka Sandwood, na bamvua inakuwa bamvua kote, maji yanajaa sana na kupwa sana. Kwetu siku za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, ndipo wanawake wanashuka kwa pweza. Jedwali la huku lilisema saa saba mchana. Na kina hakipishani sana na chetu, maji yanapanda na kushuka mita nne na zaidi. Kwa hiyo tulipofika tulikuta yanamalizia kupwa, mchanga umefunuka mpaka mbali, unang'aa kama sinia, na nikahisi kwa mara ya kwanza tangu nije nchi hii kwamba kuna kitu ninachokijua bila kufundishwa.

Pana sababu nyingine ya kwenda maji yakipwa. Mwaka 1941 ndege ya kivita aina ya Spitfire ilianguka hapa, na injini yake bado imo mchangani; siku nyingine bahari inaifunua, siku nyingine inaifunika. Tuliitafuta nusu saa. Tuliona jiwe lililofanana na injini, tukapiga picha, tukakubaliana kwamba tutawaambia watu ndiyo.

Mwishoni mwa ghuba, upande wa kusini, limesimama jiwe peke yake baharini, mita 65 kwenda juu, jembamba, limeachana na bara. Wapanda miamba wanaolitaka lazima kwanza waogelee kulifikia. Wa kwanza kufika kileleni walifika miaka ya 1960. Linaitwa Am Buachaille. Ni Kigaeli, lugha ya wenyeji wa milima hii, na maana yake ni mchungaji.

Sasa hapa Kiswahili kilinichezea. Mchungaji kwa Kigaeli ni wa mifugo tu, na asili yake hasa ni wa ng'ombe. Kwetu mchungaji ni wa mifugo na ni wa kanisa. Na katika habari za pwani hii wote wawili wamo.

Maana mahali hapa hapakuwa patupu. Ukishuka upande wa ziwa utaona ukuta wa nyumba iliyobaki mawe, na ukiwa na jicho la shamba utaona pia, pale jua linapolala, mistari chini ya nyasi. Ni matuta. Mtu alilima hapa shayiri au viazi, akaleta mwani kutoka pwani kuurutubisha udongo. Watu wa milima ya Uskoti waliishi hivyo, vijishamba kidogo na ng'ombe wadogo weusi. Ng'ombe ndio walilipia kodi ya mwenye ardhi, maana ardhi haikuwa yao kwa karatasi, ingawa babu zao wamezikwa humo.

Halafu kondoo wakapanda bei. Kuanzia mwisho wa karne ya 18, na hasa katika Sutherland miaka ya mwanzo ya karne ya 19, wenye ardhi waliona kwamba kondoo mmoja wa aina ya Cheviot ana faida kuliko familia nzima ya wapangaji. Wakawaondoa. Katika bonde la Strathnaver mwaka 1814 nyumba zilichomwa ili watu wasirudi, na wakala aliyesimamia kazi hiyo, Patrick Sellar, alifikishwa mahakamani Inverness mwaka 1816 akaachiwa huru. Kwa Kiingereza tukio hilo linaitwa kwa neno ambalo tafsiri yake ya karibu ni "usafishaji". Nilipolisoma nilitabasamu vibaya. Nalijua neno hilo. Limeshapita na tingatinga katika miji yetu mingi. Eneo la Sandwood nalo lilisafishwa katika karne hiyohiyo, kwa ajili ya kondoo.

Na wachungaji wa kanisa? Baadhi walisimama na watu wao. Lakini wengi waliwaambia kwamba yaliyowapata ni adhabu ya dhambi zao, waondoke kwa utulivu. Kwa hiyo ninapolitazama lile jiwe naona mchungaji aliyebaki baada ya ng'ombe kwenda, na waumini kwenda, hana wa kumchunga. Mwenyewe niliona nimesema jambo zito. Shoga yangu akasema ni jiwe, ninywe chai.

Kinachonikera zaidi ni walikopelekwa. Wengi wa waliotolewa mabondeni walisukumwa pwani, wakapewa kipande cha mawe, wakaambiwa: vueni. Watu wa ng'ombe! Kana kwamba bahari ni kitu unachopewa kwa barua. Huko Badbea, katika jimbo la jirani la Caithness, waliwekwa juu ya genge penye upepo mkali kiasi kwamba, kwa masimulizi yanayojulikana, akina mama waliwafunga watoto na mifugo kwa kamba wasipeperushwe baharini. Visiwani magharibi walifanyishwa kazi ya kukusanya mwani, kuuchoma, na kupata majivu yaliyouzwa viwanda vya kioo na sabuni. Vita vya Napoleon vilipokwisha mwaka 1815 biashara ikavurugika, bei ikaporomoka, na watu walewale waliozuiwa wasihame kwa sababu mikono yao ilihitajika, sasa wakaonekana ni mzigo. Wengi wakapakiwa melini kwenda Kanada. Mama yangu amelima mwani miaka tisa, amefunga vipande kwenye kamba, maji ya chumvi yamemla vidole, na bei aliijua siku mnunuzi anapokuja. Sikuhitaji kuelezwa sehemu hii.

Sisemi Sandwood imeachwa hivyo. Mwaka 1886 wapangaji wadogo walipata sheria ya kuwalinda wasifukuzwe ovyo, na vijiji vyao viko mpaka leo jirani na hapo. Oldshoremore tulipita, kuna nyumba, moshi, nguo zimeanikwa kwenye upepo ambao ungekausha hata mkopo. Ardhi ya Sandwood ilinunuliwa mwaka 1993 na shirika la hifadhi linaloitwa John Muir Trust, kwa jina la Mskoti aliyezaliwa Dunbar mwaka 1838 na kwenda Marekani akiwa mtoto, akaja kuwa sauti kubwa ya kutetea mapori ya huko. Wapangaji wamebaki na mashamba yao chini ya shirika hilo. Na kuna sheria ya mwaka 2003 inayompa mtu yeyote haki ya kupita kwa miguu katika ardhi ya Uskoti, iwe ya lodi au ya nani, mradi asiharibu. Hili nililihusudu. Kwetu sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini, lakini nakumbuka siku nilipomsindikiza shangazi kuchokoa pweza tukakuta uzio umeingia mpaka maji yanapofika, na kijana wa umri wangu, aliyesoma na kaka yangu, anatuambia hapa hapapitwi. Aliona aibu. Alitupitisha, akatuomba tuharakishe.

Ninachosema ni kwamba kila maandishi niliyosoma kuhusu pwani hii yanaisifu kwa neno "pori". Safi, haijaguswa. Imeguswa. Waliokuwa wanaigusa walipelekwa kwingine, kisha ukimya uliobaki ukapendwa.

Kwa Adhuhuri nilikwenda ziwani kutawadha. Niliingiza mkono, nikautoa, nikaanza kukumbuka kwa haraka masharti ya tayamamu. Mchanga upo kilomita mbili, nilijiambia, mchanga safi kabisa. Lakini maji pia yapo na mimi si mgonjwa, kwa hiyo nilitawadha, na ilipofika miguu nilisoma dua ambazo hazimo katika udhu. Kibla huku kiko kusini mashariki, upande wa nchi kavu. Nyumbani tunaelekea kaskazini moja kwa moja, ndiyo maana kwangu kaskazini ni upande wa kuswali kabla ya kuwa upande wa baridi. Nikaswali nimeipa bahari kisogo, naisikia mgongoni, nikakusanya na Alasiri kama msafiri.

Wakati wa chai tuliongea mashetani, kama watu wawili wa pwani wanavyotakiwa. Inasimuliwa kwamba mwaka 1900 mkulima mmoja aliyekuwa akitafuta kondoo wake hapa aliona mbwa wake anarudi nyuma kwa hofu, na juu ya jabali amelala mwanamke nusu samaki, akimtazama. Shoga yangu aliona si habari. Nguva, akasema, kwao wamewaona mpaka wamewala. Nikamwambia pia kuna baharia mwenye ndevu, vifungo vya shaba, anayegonga dirisha la ile nyumba iliyobomoka. Hapo alitazama saa. Andazi lilikuwa limeganda, tukalichovya kwenye chai likalainika, na kwa ajili ya amani sikusema lolote kuhusu iliki.

Ndege walikuwa wachache. Membe, na mmoja mwenye mdomo mrefu uliopinda, wa jamii ya sululu, akitembea kwenye ukingo wa maji kwa hatua za mkaguzi. Sululu wa kwetu huja na kaskazi na kuondoka, na utotoni niliwahi kumuuliza baba wanakwenda wapi. Alisema: kwao. Sikuuliza tena.

Kabla hatujaondoka nilivua buti. Ilikuwa lazima, ningemwambia nini yule wa kazini? Maji ya huku mwisho wa Februari ni nyuzi saba hivi. Sekunde ya kwanza hupati chochote. Ya pili unahisi umekanyaga kitu chenye ncha. Ya tatu maumivu yanapanda kwenye mfupa, na ya nne nilikuwa tayari mchangani nakimbia huku shoga yangu amekaa chini kwa kicheko, anarekodi. Wimbi lililonifuata lilianza mbali sana. Nililiona likija, likija, halijakatika, halafu likadondoka lote karibu na miguu yangu kwa kishindo nilichokisikia tumboni.

Ndipo nikakumbuka baba. Macho yake yana mtoto wa jicho, picha kwake ni mwanga tu. Nikatoa simu, nikaishika chini ya shali upepo usiingie, nikarekodi bahari dakika mbili bila kusema neno.

Saa tisa tukaanza kurudi, tukafika garini kabla jua halijazama, saa kumi na moja na ushei. Mtandao uliporudi karibu na Kinlochbervie nikatuma kila kitu. Mama akauliza swali lake. Nilianza kumjibu kwa kuandika, habari za kondoo na kuchomewa nyumba, nikaona ni ndefu, nikafuta, nikaandika tu kwamba palikuwa na watu, nitapiga kesho.

Kesho yake nikapiga. Baba ndiye aliyepokea.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nimeisikiliza bahari yako."

"Umeionaje?"

Alikaa kimya kidogo. Nyuma yake nilisikia jogoo na mtu anakuna nazi.

"Wimbi lake linachukua muda mrefu kuja. Halafu linaanguka lote kwa pamoja. Nje hapana mwamba wa kulivunja. Hapo hapashushwi chombo."

"Ndiyo, baba. Hakuna chombo."

"Hata zamani hapakuwa nacho. Labda kimoja, cha mtu mkaidi." Akakohoa. "Mama yako anasema umemwambia palikuwa na watu."

"Palikuwa na watu."

"Basi walikuwa wafugaji."

Sikuwa nimemtajia ng'ombe, wala kondoo, wala jina la lile jiwe.